Fundi wa Sauti Anajibu: Auto-Tune imemharibia binti yetu wimbo

SWALI: Habari fundi, kikundi chetu hapa Tanga tunapiga taarab ile ya kizamani, udi, kanuni, fidla, dumbaki. Tumemrekodi binti mmoja ana sauti si mchezo, prodyuza akasema kuna sehemu katoka nje ngoja aziweke sawa na Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha sauti, kuja kusikiliza sauti inashika kwikwi na utamu wote umekwenda. Binti kanuna, anasema hakukosea popote. Nani mkweli?

JIBU: Mimi niko na binti, na hata wimbo wenyewe sijausikia.

Iko hivi, Auto-Tune haijui kosa ni nini. Inapima sauti inatetemeka mara ngapi kwa sekunde, inatafuta noti iliyo karibu kwenye skeli (mpangilio wa noti) iliyopewa, inaivuta hapo, basi. Aliyeitengeneza, Andy Hildebrand wa Marekani, kabla ya hapo alikuwa anachambua mawimbi ya ardhini ya kutafutia mafuta, akaitoa 1997, na mwaka uliofuata mwimbaji Cher akaivuta mpaka mwisho kwenye wimbo wake Believe dunia nzima ikasikia.

Sasa prodyuza asipogusa kitu inafuata noti 12 za kinanda, na kati ya noti na jirani yake kuna senti 100 (si za pesa, ni kipimo cha umbali kati ya noti). Nyie mkipiga Rast au Bayati, zile skeli za Kiarabu, kuna noti zinazokaa katikati hapo, kwenye senti 50 hivi, kinanda hakina kabisa. Binti akiishikilia noti hiyo vizuri kama alivyofundishwa, mashine inaona huku mbali na huku mbali sawa sawa, sauti ikitikisika kidogo juu inamtupa juu, ikishuka inamtupa chini, na hiyo ndo kwikwi yenu! Yaani alivyopatia ndivyo alivyoadhibiwa.

Mwambie prodyuza awape ile rekodi mbichi, lazima anayo, halafu binti mwenyewe akae pale aonyeshe wapi aliteleza kweli (na atakuwa na sehemu mbili tatu, hakuna asiyekuwa nazo) zirekebishwe hizo tu kwa mkono. Programu ya Melodyne ni nzuri kwa kazi hiyo, unaona kila noti peke yake unaisogeza unapotaka. Akiing'ang'ania Auto-Tune basi apunguze ile kasi ya kuvuta, na baadhi ya matoleo yana skeli za Kiarabu humo humo ndani, wengi hawajawahi hata kuzifungua.

SWALI: Nimemrekodi bibi yangu kwa simu akinisimulia habari za ukoo, feni inavuma mwanzo mwisho na kila akicheka sauti inapasuka. Inatengenezeka? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Feni ndiyo. Shusha Audacity, ni ya bure, chagua kipande ambacho bibi kanyamaza inasikika feni tu, iambie programu isome huo uvumi, kisha chagua rekodi nzima uuondoe. Kidogo kidogo, ukizidisha na sauti ya bibi inaliwa.

Kicheko ni kazi. Sauti ilizidi uwezo wa simu, vichwa vya mawimbi vikakatwa, na kilichokatwa hakikuhifadhiwa popote, programu inakisia tu ilivyokuwa. Kwa mpasuko mdogo inasaidia, mkubwa usijisumbue. Mkirudia, simu ikae mbali kidogo na mdomo wake, na feni izimwe kama bibi ataweza joto la huko.