Faulo za makusudi dakika za mwisho: mwamuzi atazame mkono wa beki

Mdau wa mpira wa kikapu wa Nachingwea ameuliza kwa nini beki anayefanya faulo kusudi ili saa isimame, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi 3 na zimebaki sekunde 40, mwamuzi mmoja humpa faulo ya kawaida na mwingine humpa faulo isiyo ya kimichezo, yenye adhabu kubwa zaidi. Nimechezesha mechi za shule na za mitaa hapa Mtwara, na kwa maoni yangu tatizo huanza pale mwamuzi anapohangaika kusoma nia ya mchezaji. Nia inajulikana hata na muuza korosho aliyeketi nje ya mstari, na kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, haziadhibu nia peke yake.

Mimi hutazama mkono wa beki na mahali ulipo mpira. Akiufuata mpira kwa haki, akaukosa na kumgonga mpinzani mkononi bila kuzidisha nguvu, hiyo ni faulo ya kawaida, hata kama kocha wake amepaza sauti akisema "mshike!" nami nikasikia. Akimvuta jezi, akimkumbatia, au akimsukuma mgongoni bila kuujali mpira, hiyo ni faulo isiyo ya kimichezo. Ndivyo ilivyo pia kwa anayemzuia mpinzani kwa mguso usio wa lazima wakati timu inatoka kulinda kwenda kushambulia.

Adhabu zinatofautiana sana. Kwa faulo ya kawaida dhidi ya mtu ambaye hakuwa akirusha kikapuni, mitupo huru 2 hutolewa tu ikiwa timu ilikwisha kufikisha faulo 4 katika robo hiyo. Vinginevyo mpira unaanzishwa kutoka nje, na beki atarudia faulo papo hapo. Isiyo ya kimichezo huleta mitupo 2 pamoja na mpira, kwa hiyo aliyekuwa nyuma kwa pointi 3 anaweza kuwa nyuma kwa 5 na bado asiuguse mpira. Kwa kuwa viwanja vyetu vingi havina ubao wa umeme, na muda unahesabiwa kwa simu, robo ya nne inapokaribia kwisha mimi hupita mezani kwa wanaoandika faulo kuhakiki idadi yake.

Linalopuuzwa zaidi ni mguso wa kwanza. Katika mechi moja ya wasichana, mwenzangu alinyamazia beki aliyemshika mwenye mpira kiunoni, akidhani anaulinda mwendo wa mchezo. Beki, ambaye alichotaka ni filimbi tu, akashika tena kwa nguvu zaidi, na mara ya tatu akamvuta jezi hadi binti akaanguka kwenye saruji na kuchubuka kiwiko. Filimbi ya mapema ingeyamaliza yote kwa faulo ya kawaida.

Vijana wanaotazama NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, nao hubishana kwa kanuni isiyo yetu. Huko, tangu msimu wa 2022/23, faulo ya kukata shambulio la haraka huleta mtupo 1 na mpira, lakini haitumiki katika dakika 2 za mwisho za robo ya nne. Kwa FIBA, kigezo cha kukata shambulio hakina msamaha huo. Kilicho maalumu katika dakika hizo kwetu ni faulo anayofanya beki uwanjani kabla mpira unaoanzishwa kutoka nje haujaachiwa na anayeuanzisha: tangu 2022 adhabu yake ni mtupo 1, na mpira unabaki kwa timu iliyokuwa nao.