Muulize kwanza alivyopata

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtoto akikosea hesabu, umsahihishe kwanza au umuulize kwanza? Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Tanzania. Jibu langu ni muulize, tena kabla hujashika kalamu nyekundu.

Mwaka jana nilikuwa na binti mmoja wa dawati la nyuma. Daftari lake la kutoa lilijaa makosa: 52 − 27 aliandika 35, 81 − 46 aliandika 45, 63 − 18 aliandika 55. Lakini 74 − 32 alipata. Wiki mbili nzima nikawa namwandikia "rudia". Anarudia, anapata yaleyale. Siku moja wenzake wakinywa uji, niliketi naye nikamwomba anifundishe anavyofanya. Akaweka kidole kwenye 52. "Mbili kutoa saba haiwezekani, mwalimu. Ndogo ndiyo inatoka kwenye kubwa. Kwa hiyo saba toa mbili, tano."

Nilinyamaza. "Ndogo inatoka kwenye kubwa" ni maneno yetu sisi walimu. Tunawaambia darasa la kwanza ili wasihangaike, na huyu aliyashika kama alivyopewa. Hakuwa mzembe wala mzito. Alikuwa mtiifu.

Nikamkumbusha kukopa, maana nilikuwa nimeshafundisha. Akasema, "Tunakopa kwenye makumi, lakini hatulipi." Jambo hilo lilimsumbua kweli. Mama yake ana genge, na mtoto anajua vizuri mtu akikopa asilipe inakuwaje. Basi neno kukopa nikaliacha. Nikachora noti tano za elfu kumi na mbili za elfu moja, nikamwambia anunue kitu cha elfu ishirini na saba. Akajibu papo hapo: "Nachenji elfu kumi moja." Zikawa nne za elfu kumi na kumi na mbili za elfu moja. Akatoa, ikabaki elfu ishirini na tano. Akalirudia daftari mwenyewe, akafuta 35.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Kwa watoto wetu, "kwa nini umeandika hivi?" ni dalili ya fimbo, anashika kifutio hata kabla hajajibu. Mimi nasema "nionyeshe ulivyopata", na nasema hivyo hata kwa aliyepata, asije mtu akadhani kuulizwa ni kukosa. Kisha nangoja. Kungoja ndiko kugumu, ulimi unawasha kusahihisha.

Aliyepata ana sababu nyingine ya kuulizwa. Mwaka 1973 mtafiti wa elimu ya hisabati, Stanley Erlwanger, alichapisha mazungumzo yake na mvulana wa Marekani wa miaka 12 aliyemwita Benny. Kijana huyo alikuwa akijisomea hisabati kwa vijitabu, akifaulu majaribio, na mwalimu wake akimhesabu miongoni mwa walio bora darasani. Alipoulizwa anavyofikiri ikaonekana kwamba kwake 4/11 na 11/4 zote ni 1.5: anajumlisha ya juu na ya chini, anapata 15, anatia nukta. Alama za vema zilikuwa zimeyafunika hayo yote.

Wenzangu huniambia, una watoto 68, utaongea na wangapi? Watatu kwa siku, dakika tano kila mmoja. Na kosa la mmoja mara nyingi ni la wengi: baada ya yule binti nilipekua madaftari mengine, nikakuta 11 wanaofanya kama yeye. Wazazi wenzangu, ninyi mna mmoja au wawili tu mezani jioni. Hizo dakika tano mnazo.

Juzi mvulana mmoja ameniambia robo ni kubwa kuliko nusu, kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili. Bado sijamsahihisha. Kesho naenda na machungwa mawili na kisu, nimsikilize akikata.