Kulaza ua hai bila kuua miti

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha kujitolea tunaotunza ua wa miforosadi na michongoma unaozunguka shule ya msingi ya kijijini kwetu, karibu na Mbalizi, Mbeya. Miti imerefuka na kuacha uwazi chini, hata mbuzi wanapita. Tumesikia kwamba Uingereza watu hukata shina karibu lote, wakalilaza, nalo likaendelea kuishi. Je, tunaweza kufanya hivyo?
Msomaji, Mbalizi

JIBU: Ndugu msomaji, mlichosikia ni kweli, na kwa miforosadi inawezekana. Shina hukatwa kwa mshazari karibu na ardhi mpaka ubaki ulimi mwembamba wa mbao na ganda, kisha hulazwa taratibu, kilele kikielekea upande wa juu wa mteremko, na kushikizwa kwa vigingi vinavyochomekwa ardhini kila baada ya sentimita 45 hivi, huku fito ndefu zikisukwa juu yake. Kwa kuwa maji hupanda katika mbao za nje na chakula hushuka chini ya ganda, ulimi huo unatosha kulisha mti mzima. Ukivunjika, mmepoteza shina hilo. Hata hivyo kinachoziba uwazi wa chini hasa ni machipukizi ya kisiki, kwa hiyo kisiki kikatwe kifupi na kwa mshazari ili maji yasituame juu yake. Nawasihi msilipuuze hili.

Waingereza hufanya kazi hii kati ya Oktoba na Machi, miti ikiwa imepumzika kukua na ndege hawana viota. Kalenda hiyo haitufai. Kwetu mvua huanza kwenye Novemba, hivyo lazeni mapema Oktoba, machipukizi yaikute mvua, na kagueni viota kwanza.

Michongoma nayo huchipua, ila vaeni glavu nzito. Kama upande mwingine wa ua kuna misaipresi, iacheni, kwa sababu haichipui kwenye mbao kuukuu zisizo na majani. Minyaa msiiguse kabisa mkiwa na wanafunzi: utomvu wake ukiingia machoni huweza kupofusha.

Mbuzi watayapenda sana machipukizi mapya. Matawi ya miiba mtakayopunguza yapangeni pande zote mbili za ua hadi msimu wa mvua uishe, na mwaka wa kwanza lazeni mita 10 tu.