Kabla hujasimika mnara mwingine mlimani

Vijana wawili wamejiunga nasi hapa Moshi, na swali lao la kwanza ni lile nililouliza mimi nilipoanza: watu wa Rombo wanalilia intaneti, kwa nini hatupeleki mnara? Nawajibu hapa, nanyi wengine mnaoanza kazi kwenye kampuni ndogo zinazosambaza intaneti kwa mawimbi ya redio mtanisikia.

Kusimika mnara ni kazi ya siku chache. Kazi kubwa ni kuulisha. Intaneti anayoitumia mteja wa Marangu imetoka kwenye kebo za baharini Dar es Salaam, ikapita kwenye mkongo, kebo ya nchi kavu, zaidi ya kilomita 500 mpaka mjini, na hapo ndipo sisi tunanunua. Kwenda juu tunairusha wenyewe, mnara hadi mnara. Kila mnara unaoongeza ni mdomo mwingine kwenye chungu kile kile. Mwaka fulani tuliongeza vituo vitatu mfululizo bila kugusa kiungo kikuu, ile njia ya redio inayolisha minara yote. Wateja wapya walifurahi wiki mbili. Kisha ikawa kila saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza, na simu za malalamiko za wateja wa zamani zinaanza. Kwa hiyo ukitaka kujua kama tuna nafasi, usiangalie grafu ya mchana. Angalia ya saa mbili mpaka saa nne usiku. Na redio iliyoandikwa megabiti 450 kwa sekunde kwenye boksi, ipigie hesabu ya nusu, ikizidi hapo ni bahati yako.

Halafu kuna mlima wenyewe. Ukipanda paa mjini unaiona Kibosho yote, unasema njia ni nyeupe. Jicho limeona, redio haijaona. Wimbi haliendi kama uzi, linatanuka katikati kama tumbo la mtumbwi. Kiungo cha kilomita 10 kwenye gigahetsi 5.8, tumbo hilo linafika mita 11 hivi kila upande wa mstari, na angalau asilimia 60 ya hizo ziwe wazi. Migomba haina shida sana, ni mifupi. Shida ni mgrivea, mti ambao kila kihamba (shamba la ukoo lenye nyumba na migomba) kinao, na kila mwaka unaongezeka urefu. Tulipima kiungo kimoja Februari kikawa safi kabisa. Aprili kikaanza kukatika. Mvua yenyewe haisumbui sana masafa hayo, tofauti na yale ya gigahetsi 60. Ni majani yaliyolowa, pamoja na maji yaliyoingia kwenye kiungio cha kebo ambacho fundi (fundi mwenyewe ni mimi) hakukifunga vizuri.

Sasa ardhi, na hapa ndipo nilipopata mvi. Kule juu mnara unakaa ndani ya kihamba, na kihamba si mali ya mtu mmoja hata kama mtu mmoja ndiye anayekukaribisha chai. Tulisaini mkataba na mtoto wa kwanza wa familia moja, mtu mwenye heshima zake, anaishi mjini. Hatukujua kwamba anayelala pale ni kitinda mimba, na kwamba wapo wengine wanne Dar. Walipokuja Krismasi wakakuta chuma kimesimama hatua chache kutoka kaburi la baba yao. Hakuna aliyetutukana. Walitukalisha, wakatupa mbege, wakatuambia tuhamishe. Tulihamisha. Tangu hapo sisaini kitu mpaka nimekaa na ukoo, na mwenyekiti wa kitongoji awepo.

Umeme nisiwachoshe: betri, kinga ya radi, waya wa ardhini unaofika ardhini kweli. Vifaa tunanunua kwa dola, mteja analipa kwa shilingi. Shilingi ikishuka, mpango wa mwaka unachanwa.

Leseni msiifanyie mzaha. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inatoa leseni kwa ngazi: kimataifa, kitaifa, mkoa, wilaya. Mwenye leseni ya mkoa wa Kilimanjaro, akivuka uwanja wa ndege wa KIA kumfuata mteja wa Usa River, ameshaingia mkoa mwingine, Arusha, hata kama antena yake inafika bila jasho. Arusha mjini tena hewa imejaa: hoteli, kampuni za utalii, kila paa lina redio yake kwenye masafa yale yale ya bure. Pima kelele za redio za wengine kwanza, ndipo uongee bei.

La mwisho ni Desemba. Miezi 11 kituo cha Machame kinapumua. Kuanzia tarehe 20 hivi Wachagga wanarudi nyumbani, nyumba iliyokuwa na bibi peke yake ina watu 15, na kila mmoja ana simu mbili. Likizo zenu ombeni za Novemba.