Maswali na Majibu: Kujivunia Rangi Yako ni Ubaguzi?

Wiki hii maswali ya mirathi na kodi za nyumba yatasubiri. Barua nyingi zimeuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu anayejivunia rangi yake au asili yake, anabagua? Nimechagua zifuatazo.

Shikamoo mzee. Nilivaa kazini fulana iliyoandikwa "Mweusi na Najivunia". Mwenzangu mwenye asili ya Kihindi akasema angevaa yeye ya "Mhindi na Najivunia" mimi ningenuna. Nani ana haki?
*Msomaji, Kariakoo*

Marahaba. Jibu unalo mwenyewe: ungenuna? Kama ungenuna, basi kasoro haiko kwenye fulana.

Mimi hutazama kitu kimoja. Maneno haya yanamdai nini mtu mwingine? Fulana yako haimdai mwenzako chochote, haimnyimi kazi wala haimwambii ahame. Ingeandikwa "Nchi ni ya weusi", hapo ingekuwa imeanza kumfukuza. Na yeye asijione amenyimwa nafasi ya kujivunia. Diwali ikifika, mtaa wa mahekalu pale Kisutu unawaka taa, na wasio Wahindu hawachelewi kwenye vitamutamu. Sijaona anayenuna.

Naishi Columbus, Ohio. Kila Februari shule ya mwanangu huadhimisha historia ya Weusi. Ameniuliza mbona hakuna siku ya kujivunia weupe. Nilikosa la kumwambia.
*Mama wa watatu*

Mama, mwambie siku zipo, tena nyingi, ila haziitwi hivyo. Machi 17 Wamarekani wenye asili ya Ireland wanaandamana mitaani, na kule Chicago wanaupaka mto rangi ya kijani. Wenye asili ya Italia nao wana siku yao mwezi Oktoba, yenye jina la baharia yuleyule ambaye mji mnaoishi umeitwa kwa jina lake. Hakuna anayewaita wabaguzi, kwa sababu wanasherehekea mahali, chakula, nyimbo na bibi zao.

Mweusi wa Marekani alinyang'anywa hayo kwenye meli za watumwa. Mjukuu wa mtumwa hawezi kukwambia kama babu yake alikuwa Mmende, Myoruba au Mkongo. Kilichobaki mkononi mwake ni rangi aliyodharauliwa kwayo, pamoja na yale ambayo watu wa rangi hiyo waliyajenga wakiwa katika dharau hiyo. Ndiyo maana Carter G. Woodson, mwanahistoria aliyezaliwa na wazazi waliokuwa watumwa, alianzisha wiki ya historia ya Weusi mwaka 1926, nayo ikawa mwezi mzima mwaka 1976.

"Weupe" wa kule una historia nyingine. Ulikuwa kigezo cha sheria. Sheria ya uraia ya 1790 ilimruhusu mgeni kuomba uraia ikiwa tu ni mtu mweupe na huru. Mwaka 1923 Bhagat Singh Thind, Mhindi aliyelitumikia jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza, alifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo akaambiwa hastahili kwa kuwa si mweupe. Na waliokuja kupeperusha bendera ya "fahari ya weupe" ni Ku Klux Klan, kundi la wazungu la kuwatisha Weusi, na wenzao. Mtu akiinyanyua leo, hata kama moyo wake ni safi, watu wanaona na hao walioishika kabla yake.

Ila mwanao asije akamdhihaki mwenzake mzungu anayempenda bibi yake wa Dublin. Hilo nalo mfundishe.

Mwafrika hawezi kuwa mbaguzi wa rangi kwa sababu hana nguvu. Ubaguzi ni mambo ya wazungu. Unakubali?
*Msomaji, Mwanza*

Sikubali, ndugu yangu. Hapa kwetu polisi ni mweusi, hakimu ni mweusi, mwenye nyumba ya kupanga ni mweusi, na afisa uhamiaji pia. Hizo si nguvu?

Swali lako lilishajadiliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika mjadala wa muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa weusi peke yao. Usiwaone wendawazimu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mkoloni alimlazimisha kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, katika nchi ambayo Waafrika walikuwa karibu watu wote. Watu wale walikuwa na jeraha, na fahari yao ilitoka humo.

Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, alikasirika waziwazi. Aliwafananisha na akina Hitler, akawaambia wanaanza kuitukuza rangi ilhali sisi tunamtukuza binadamu. Akawaonya kwamba wakianza hivyo, kesho watasema watu wote ni sawa isipokuwa Wamaasai, kesho kutwa isipokuwa Wagogo, kisha Waha. Serikali ikasimama kwenye msimamo wake na muswada ukapita. Kwangu mimi hakuna siku aliyokuwa mkubwa kuliko hiyo, maana aliwapinga watu wake mwenyewe, wenye kinyongo cha haki, siku ambayo kuwapigia makofi kungempatia sifa za bure.

Jirani zetu waliona upande wa pili. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, akisema anarudisha uchumi mikononi mwa Mwafrika. Wengi walishangilia. Maduka mengi yakaishia kwa wanajeshi na wapambe wao, viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikadorora, na Mwafrika aliyeahidiwa uchumi akapanga foleni ya sukari.

Assalaam aleikum. Kijana wa Kikamba aliyesilimu amemposa dada yangu. Baba amekataa, asema nasaba yetu yatoka Hadhramaut kule Yemen na kijana si kufu yake. Asema si ubaguzi, ni kuhifadhi asili.
*Msomaji, Kibokoni, Mombasa*

Wa aleikum salaam. Kwa kipimo nilichompa yule wa Kariakoo, hapa fahari imeshamnyima mtu kitu. Ni ubaguzi. Lakini neno hilo usimtamkie mzee, atafunga masikio na mlango pamoja.

Baba hajatunga. Wanazuoni wa Kishafi waliitaja nasaba miongoni mwa mambo ya kufu, yaani usawa wa wanaooana. Haohao, hata hivyo, walisema kufu ni haki ya mwanamke na walii wake (msimamizi wa ndoa yake), nao wakiridhia kuiacha, ndoa inasihi. Kwa hiyo baba hafungwi na sheria, anachagua. Mkumbushe kwamba Mtume (s.a.w.) alimwoza Zainab binti Jahsh, mtoto wa shangazi yake mwenyewe, kwa Zaid bin Haritha aliyewahi kuwa mtumwa. Atakujibu kuwa ndoa ile ilivunjika. Kweli, ilivunjika, lakini kwanza ilifungwa, na aliyeitaka ifungwe unamjua.

Kisha, siku akiwa amekunywa kahawa yake na ametulia, muulize kwa adabu nyanya ya babake alikuwa nani. Wahadhrami wengi waliokuja na pepo za kaskazi walikuja bila wake zao, wakaoa hukuhuku.

Sikufanya chochote ili nizaliwe mweusi. Nijivunie nini?
*Msomaji, Nakuru*

Si lazima ujivunie. Inatosha usione haya.

Mke wangu anatumia mkorogo. Nikimwambia ajivunie weusi wake anasema mimi mbaguzi.
*Msomaji, Morogoro*

Wewe si mbaguzi, ila hotuba haitamsaidia. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, na zebaki inaharibu figo. Anza na figo. Na jichunguze pia: ni mara ngapi umewasifu "weupe" mbele yake?

Nafundisha darasa la tatu. Watoto wanapenda wimbo wenye maneno "sisi weusi", lakini mmoja wao ana ualbino na hunyamaza ukifika hapo. Niufute?
*Mwalimu, Geita*

Usiufute kabla ya kumsikia mwenyewe. Mwite pembeni, si mbele ya wenzake, umuulize anaonaje. Huenda akasema yeye ni mweusi kama mama yake na hataki kuachwa nje. Huenda akataka maneno yabadilishwe yawe "sisi Waafrika". Lolote atakalosema, lifuate, na darasa usiliambie limetoka kwake. Kama wenzake wanamcheka wakifika hapo, shughulika na wanaocheka, wimbo uache. Na dawati lake lisogeze mbele karibu na ubao, mbali na dirisha lenye jua, kwa sababu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na mwanga mkali unawaumiza macho. Kofia pana aruhusiwe hata kama haimo kwenye sare.