Mashine za Maabara Zikigoma: Maswali Yenu

Mfumo wa kompyuta ulizima saa nne usiku, tukabaki tunatazamana. Tulipaswa kuanzia wapi? (Mtaalamu wa maabara, Kigoma)

Pole, mwenzangu. Mlipaswa kuanzia kwenye kasha lililoandaliwa mchana: fomu tupu za maombi, fomu za majibu zenye viwango vya kawaida, rejista, na lebo za namba za dharura, mathalani D-001 hadi D-200. Kila namba iwe na lebo tatu: ya chupa, ya fomu na ya rejista. Bila hivyo, wawili mtazipa sampuli mbili namba moja, na mama aliye wodi ya wazazi atapewa majibu ya mtu mwingine. Namba za simu za wodi zibandikwe ukutani, maana zilizomo kwenye kompyuta hamtazipata. Majibu ya hatari yapigiwe simu. Anayeyapokea ayarudie kwa sauti, nanyi mwandike jina lake na saa.

Amueni pia mapema vipimo gani havisimami: kundi la damu na kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji, wingi wa damu, malaria, sukari, potasiamu. Vya wagonjwa wa kliniki visubiri. Tarehe 3 Juni 2024 wadukuzi waliifungia mifumo Synnovis, inayohudumia maabara za hospitali kubwa za London. Damu za wagonjwa hazikuweza kulinganishwa kwa kasi ya kawaida, ikabidi wachangiaji wa kundi O, ambalo wagonjwa wengi huweza kupewa bila kungoja kulinganishwa, waombwe kujitokeza. Kama London ilifika huko, sisi tusijidanganye kwamba jenereta inatosha.

Umeme ukikatika, damu kwenye jokofu inadumu saa ngapi? (Msomaji, Lindi)

Usitazame saa, tazama kipimajoto. Damu hukaa kati ya nyuzi 2 na 6. Funga mlango, bandika tangazo usifunguliwe, soma joto kila nusu saa na uliandike. Likikaribia 6, hamishia damu kwenye kasha la baridi, lakini barafu isiguse mifuko: damu ikiganda kwa baridi, chembe nyekundu hupasuka.

Sentrifuji, mashine ya kuzungusha damu ili majimaji yatengane na chembe, imekufa. Damu ya kupima sukari na potasiamu ingoje kesho? (Mwanafunzi, Dodoma)

Hapana, mwanangu. Chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya chupa, takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa kwenye joto la chumba, huku potasiamu ikivuja kutoka ndani yake. Sukari ipimwe kwa glukometa, kile kipimasukari cha mkononi, kando ya kitanda. Potasiamu ipelekwe mara moja kituo jirani mlichokwisha kukubaliana nacho kwa maandishi.

Mkuu wetu anasema mazoezi ya dharura yanapoteza muda. (Msomaji, Mombasa)

Mwonyeshe ISO 15189 ya mwaka 2022, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba: mpango wa dharura unatakiwa ujaribiwe mara kwa mara.

Mfumo ukirudi, nani aingize majibu ya karatasi? (Msomaji, Mwanza)

Watu wawili, mmoja akisoma, mwingine akiingiza, na asiwe aliyekesha zamu. Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Niliwahi kuona potasiamu ya jana ikiingizwa kwa saa ya leo, na daktari akajiandaa kumtibu mgonjwa aliyekwisha kupata nafuu. Wekeni saa damu ilipotolewa, si saa mnayochapa. Mashine nazo zipimwe kwa sampuli za udhibiti, zile ambazo majibu yake yanajulikana, kabla ya mgonjwa wa kwanza, na karatasi zote zifungwe pamoja na rejista ya siku hiyo.