Droo ya shule: tazama nani hakuingia kwenye boksi

Mleta mada, umeuliza kama ni haki mtoto wako kukosa shule nzuri kwa sababu tu namba yake haikutoka kwenye bahati nasibu. Pole sana. Mwanangu wa kwanza naye alikosa hivyohivyo, na miaka miwili baadaye nikawa miongoni mwa wazazi walioitwa kushuhudia droo ya shule ileile.

Droo yenyewe haikuwa na doa. Vikaratasi vilikunjwa na kuchanganywa mbele yetu kwenye boksi la plastiki, kisha mama mmoja asiye na mtoto pale akawa anachomoa kimoja kimoja na kusoma namba kwa sauti. Kikaratasi hakijui baba yako ni nani. Kwenye usaili, mtoto aliyelipiwa tuisheni anaanza kujibu kabla swali halijaisha.

Kilichoniuma ni orodha ya waombaji. Nilipewa niihakiki, nikapitisha kidole jina kwa jina nikitafuta watoto wa mtaa wa bondeni, ambao ndio ulio karibu zaidi na shule. Niliwaona wawili tu. Mkutano wa kuelezea utaratibu ulifanyika asubuhi ya siku ya kazi, na fomu zilikuwa mtandaoni pekee. Anayelipwa kwa siku ataacha kibarua aende mkutanoni? Tena nafasi za wadogo wa wanafunzi waliopo zilishatolewa kabla boksi halijafunguliwa. Namwelewa mzazi asiyetaka kupeleka watoto shule mbili tofauti, ila kwa njia hiyo waliotangulia wanazidi kutangulia.

Haya si ya shule moja. Brighton, Uingereza, walianza kutumia bahati nasibu mwaka 2008, lakini ndani ya kanda zilizochorwa kwenye ramani. Mitaa mingi ya watu wa kipato cha chini ikaangukia nje ya kanda za shule zinazogombaniwa. Boston, Marekani, hadi 2005 ukiweka shule maarufu chaguo la kwanza ukaikosa, unakuta chaguo lako la pili limeshajazwa na walioliweka la kwanza. Wazazi wenye taarifa walijua namna ya kupanga machaguo yao. Aliyejaza kwa ukweli wa moyo wake ndiye aliyeumia.

Chile, walipoanza mfumo wa pamoja wa kuomba nafasi za shule mwaka 2016, shule zinazopokea fedha za serikali zilizuiwa kuchuja watoto kwa usaili, na sehemu ya nafasi ikatengwa kwa wanafunzi wa familia maskini. Huo ndio mpangilio ninaoutetea.

Kwa hiyo ndugu yangu, usidai droo ifutwe. Ikifutwa utarudishwa kwenye usaili na simu za wakubwa. Dai uoneshwe orodha ya waombaji kwa mitaa, kanuni ya kipaumbele, na idadi ya nafasi zilizobaki kwa ajili ya droo yenyewe.

Sisi mwaka uliofuata tulipeleka fomu za karatasi bondeni Jumapili jioni, tukajaza pamoja na wazazi mlango kwa mlango. Majina ya huko yakafika kumi na tisa. Nafasi zilibaki arobaini zilezile, na droo ilipokwisha, boksi lilibaki na vikaratasi vingi kuliko mwaka uliotangulia.